Ujumuishi uonekane kwenye andalio la somo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu elimu jumuishi, yaani kuwafundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, hasa kipindi hiki ambacho shule zinaandikisha watoto wa darasa la awali na la kwanza. Wakati wa uandikishaji mwalimu hujaza aina ya ulemavu wa mtoto: uoni hafifu, uziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, ualbino. Takwimu zinapanda kata, zinapanda halmashauri, na mtoto anaingia darasani kukaa. Mara nyingi kukaa ndiyo kazi anayobaki nayo. Anaitwa jina asubuhi, anaitikia, anakunywa uji, anarudi nyumbani. Mwisho wa mwaka shule inajiita jumuishi kwa kuwa jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio.

Kwa upande wa sheria hatuna pengo kubwa. Tamko la Salamanca kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu lilitolewa Hispania mwaka 1994. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi upo tangu 2009 na umekwishahuishwa. Pengo liko ndani ya kipindi cha dakika 40, mahali ambapo waraka haufiki na mwalimu yuko peke yake na watoto 80 au 90.

Msimamo wangu wa kazi ni huu: mtoto asiposhika somo, kitu cha kwanza kuchunguzwa kiwe somo lenyewe. Kabla ya kuuliza mtoto huyu ana tatizo gani, tuulize somo limemfungia mlango wapi. Swali la kwanza linamalizikia kwenye jina la ugonjwa, na mwalimu hana dawa yake. Swali la pili linamalizikia kwenye jambo ambalo mwalimu anaweza kulibadilisha kesho asubuhi.

Chukua somo la Sayansi kuhusu sehemu za mmea. Tulivyozoea, mwalimu huchora mmea ubaoni, huandika majina kwa mishale, na wanafunzi hunakili. Mchoro huo umewaacha nje watoto watatu kwa mpigo: asiyeona, mwenye uoni hafifu aliyeketi mstari wa tatu, na yule anayenakili kila kitu bila kuelewa hata neno moja, ambaye huenda daftari lake ndilo safi kuliko yote. Sasa, jioni ya siku iliyotangulia, ng'oa miche kumi ya maharage na kumi ya mahindi, ikung'ute udongo, ifunge kwenye gazeti lililolowanishwa isinyauke. Darasa la watoto 80 linatoa vikundi kumi vya wanane, kila kikundi kinapata mche mmoja wa kila aina. Asiyeona anapitisha vidole kutoka kwenye shina la mharage hadi kwenye mzizi mkuu, kisha anashika mizizi ya mahindi inayotawanyika kama nyuzi. Tofauti ameipata mkononi mwake. Kiziwi anakiona kitu chenyewe kabla ya jina lake kutajwa. Mwenye ulemavu wa akili anatenganisha majani huku na mizizi kule. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kushika kalamu kunamchukua nguvu zote, anaonyesha jibu kwa kidole au kwa kuelekeza macho. Na wale wengine wote wamejifunza vizuri zaidi kuliko ambavyo wangejifunza kwa mchoro.

Ninachotaka kionekane kwenye andalio la somo ni mstari mmoja tu kwa kila mtoto mwenye uhitaji, wenye mambo matatu: somo litamfikiaje, atafanya nini, na ataonyeshaje kwamba ameelewa. Kwa somo hilo mstari ungesomeka hivi: "Mwenye uoni hafifu: mche mkononi, majina yatajwe kwa sauti, atataja sehemu nne kwa kugusa." Maneno kumi na manne hayazidi dakika moja kuandika. Sentensi inayoonekana kwenye maandalio mengi, "wanafunzi wenye mahitaji maalumu watasaidiwa", haimwambii mwalimu achukue nini wala afanye nini kengele ikilia.

Nikae kidogo kwenye macho, kwa sababu hapo ndipo tunapodhani tumekwisha kusaidia. Agizo la kawaida ni "mkalishe mbele". Tupige hesabu. Kwenye chati ya kupimia macho, herufi ambayo jicho zima linaitambua kwa umbali wa mita 6 ina kimo cha takribani milimita 9. Mtoto mwenye uoni wa 6/60, kiwango ambacho si kigeni kwa watoto wenye ualbino, anahitaji herufi kubwa mara kumi, yaani karibu sentimita 9, kwa umbali huohuo. Mwalimu mwenye mwandiko mkubwa huandika ubaoni herufi za sentimita 4. Mtoto huyo ataanza kuzitambua akiwa mita 2.7 kutoka ubaoni, tena kwa shida, moja moja. Ili asome kwa kasi, herufi inatakiwa iwe kama mara mbili ya ile anayoitambua kwa shida, kwa hiyo inambidi asogee hadi mita moja na robo hivi. Dawati la kwanza kwa kawaida liko mita mbili au zaidi kutoka ubaoni. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekalishwa mbele bado hasomi. Anaona weupe wa chaki tu, na mwalimu anaamini amemaliza wajibu wake.

Kinachosaidia ni haya. Mtoto awe na ruhusa ya kudumu ya kuinuka na kusogea ubaoni bila kunyoosha mkono kila mara na bila kuchekwa. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, neno kwa neno, akiwa anaandika. Aache "hii ukijumlisha na hii unapata hii", aseme "saba jumlisha nane". Mtoto apewe daftari la mwalimu au karatasi yenye maandishi makubwa aisogeze hadi sentimita 10 kutoka machoni. Kusoma kwa karibu hivyo hakuharibu macho. Anayemwambia aweke kitabu mbali anamnyang'anya njia pekee aliyonayo. Macho ya mtoto mwenye ualbino huchezacheza, na wengi hugundua kwamba wakiinamisha kichwa upande fulani kuchezacheza kunapungua. Usimnyooshe kichwa. Miwani inaweza kumwongezea kidogo lakini hairudishi uoni wote, kwa kuwa sehemu ya ndani ya jicho inayoona vitu vidogo haikukua kikamilifu. Mketishe dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, maana mwanga mkali ukimpiga usoni unafuta hata kile kidogo anachokiona. Kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu viwe sehemu ya sare yake, avae hata mstarini, na hata ndani ya darasa lenye mwanga mkali.

Ubao wenyewe nao ni kifaa. Ubao uliopauka na kuwa wa kijivu unapunguza tofauti kati ya chaki na rangi ya nyuma, na tofauti hiyo ndiyo anayosomea mwenye uoni hafifu. Ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu asubuhi na upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya mafuta inayong'aa inarudisha mwanga wa dirisha machoni. Tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu, bluu na kijani zinapendeza kwa anayeona vizuri, lakini kwa mwenye uoni hafifu zinazama ndani ya weusi wa ubao.

Asiyeona kabisa ni habari nyingine, na hapa nisidanganye kwamba mwalimu wa darasa atajitosheleza. Nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zina nukta sita kwa kila alama, na mpangilio wake unatoa alama 63. Mtoto anayeandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi kusoma. Karatasi ya daftari la kawaida haifai, nukta zinalala baada ya kusomwa mara chache. Kazi hii inahitaji mwalimu aliyesomea, kila siku, hasa miaka miwili ya mwanzo. Wajibu wa mwalimu wa darasa ni kumpa mwenzake huyo matini na maswali wiki moja kabla, kwa kuwa ukurasa mmoja wa kitabu unazaa zaidi ya ukurasa mmoja wa nukta nundu. Michoro ya Hisabati na ramani inahitaji kutengenezwa upya: manila, gundi, uzi wa kushonea kwa mistari, uzi wa sufu kwa mipaka minene, na majina machache kadiri inavyowezekana. Ramani ya Tanzania yenye mikoa yote, mito na reli kwa pamoja haisomeki kwa vidole. Tengeneza tatu, kila moja na habari yake.

Kwa upande wa masikio, kosa letu kubwa ni kuongea tukiwa tumelipa darasa mgongo. Sauti inagonga ubao, inarudi kwenye bati na sakafu ya saruji, na mtoto mwenye usikivu hafifu anapata mvumo. Kifaa cha usikivu anachovaa hakichagui. Kinakuza sauti ya mwalimu, mburuto wa madawati na mvua juu ya bati vyote pamoja, na nguvu yake ni ya umbali wa mita moja hadi mbili hivi. Kwa hiyo andika, nyamaza, geuka, ndipo useme. Simama mahali ambapo mwanga unakuangukia usoni. Mwanga ukiwa nyuma yako, uso wako kwake ni kivuli. Mwanafunzi mwingine akijibu, rudia jibu lake ukimtazama mtoto huyo. Ukibadilisha mada, andika kichwa chake ubaoni kwanza, maana kujua kinachozungumzwa ni nusu ya kusikia.

Na tusiutegemee mno usomaji wa midomo. Jaribu mbele ya kioo kutamka bila sauti maneno haya: baba, mama, papa. Midomo inafanya jambo moja kwa yote matatu. Sauti za k na g zinatokea nyuma ya mdomo ambako hazionekani kabisa. Mtoto anayesoma midomo anakisia kutokana na muktadha, na kukisia kwa dakika 40 mfululizo kunachosha. Ndiyo maana vipindi vya baada ya saa sita anaonekana amezubaa.

Kuna kundi lingine la watoto wasiosikia ambalo halimo kwenye takwimu zozote: wanaotokwa usaha masikioni. Hawa wanasikia wiki hii, wiki ijayo hawasikii. Mwalimu anaona siku moja mtoto anaitika na siku nyingine haitiki, anahitimisha kwamba ni mkaidi, na pengine anamchapa kwa kuchelewa kuingia baada ya kengele ambayo hakuisikia. Harufu ya usaha na pamba sikioni ni sababu ya kumwita mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya. Mafuta ya moto na maji ya majani yasitiwe sikioni.

Kuhusu viziwi nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi. Kumweka mtoto kiziwi peke yake miongoni mwa watoto 80 wanaosikia, na mwalimu asiyejua Lugha ya Alama ya Tanzania, ni kumfungia kwenye chumba cha kioo. Anaona kila kitu na hapati lugha. Mtoto anayefika darasa la kwanza bila lugha yoyote hawezi kufundishwa kusoma Kiswahili, kwa kuwa hakuna lugha ya kukiegemeza. Anahitaji viziwi wenzake, wakubwa na wadogo, na walimu wanaoifahamu lugha ya alama kikwelikweli. Mkataba wenyewe, katika ibara ya 24, unataka wasioona, viziwi na viziwi wasioona wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza zaidi kitaaluma na kijamii. Kwa hiyo shule na vitengo vya viziwi si adui wa elimu jumuishi. Ujumuishi wa kiziwi upimwe kwa lugha: je, kuna watu anaoweza kuzungumza nao siku nzima? Kama hakuna, dawati alilopewa halimsaidii. Na pale kitengo kilipo ndani ya shule ya kawaida, wanaosikia nao wafundishwe alama, tano kila wiki mstarini. Kwa mwaka wa masomo wa wiki 40 hizo ni alama 200, zinatosha mchezo wa mpira, ugomvi na upatanisho.

Sasa nije kwa mtoto ambaye hana jina kwenye fomu yoyote: yule anayeshindwa kusoma ingawa anaona, anasikia na ana akili nzuri. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto huyu mara nyingi atafika mwisho wa sentensi bila kosa. Kinachomsaliti ni kasi. Anasoma wa-li-vyo-tu-fu-ndi-sha silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa neno amesahau lilianzaje, akifika mwisho wa sentensi hana maana yoyote mkononi. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamgundua. Mpe mtoto kifungu cha maneno 60 asichowahi kukiona, mpime kwa saa dakika moja, kisha muulize kilichosemwa. Fanya hivyo na watoto watano wa katikati ya darasa upate cha kulinganisha.

Akionekana yuko mbali sana nyuma ya wenzake, mfundishe kuona vipande vyenye maana badala ya silabi: wa, li, vyo, tu, fundisha. Viambishi vya Kiswahili ni vichache na vinarudi kila mstari; mtoto akivitambua kwa kutupa jicho, neno refu linakuwa fupi. Mrudishe kwenye kifungu kilekile mara tatu ndani ya wiki badala ya kumpa vitatu tofauti. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja, maana zikija pamoja huchanganyika na zitamsumbua mwaka mzima. Bawa linakuwa dawa, dada anakuwa baba. Fundisha b hadi ikae, pisha wiki tatu au nne, ndipo ulete d. Usimsimamishe asome kwa sauti mbele ya darasa kitu ambacho hakukiandaa. Mpe aya yake jana, aje nayo leo.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, mada ibaki ileile ya darasa na kiwango kishuke. Wenzake wanajumlisha maelfu, yeye anapanga visoda kumi kumi na kuhesabu mafungu. Kesho wanafanya mafumbo ya fedha, yeye anachagua noti ya kulipia daftari. Kumpa picha ya kupaka rangi kila kipindi ni kumtunza, si kumfundisha. Mwenye usonji asaidiwe na ratiba ya picha, kadi sita hadi nane kwa mpangilio wa siku, na aambiwe mapema kinapobadilika kitu. Kengele ya ghafla na paredi ya makelele ndivyo vinavyomvuruga. Mwenye kifafa akianguka, angalia saa, ondoa vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala usimshike kwa nguvu, na degedege likipita dakika tano apelekwe hospitali. Povu lake haliambukizi. Darasa zima lifundishwe hilo siku ambayo hajaanguka.

Majengo niyapitie kwa haraka, kwa kuwa yana vipimo na vipimo havina ubishi. Mteremko wa kiti mwendo ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Msingi wa darasa wenye ngazi tatu za sentimita 15 una kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko unatakiwa uwe na urefu wa mita 5.4. Miteremko mingi ninayoiona mashuleni haifiki hata mita mbili, tena imepigwa saruji laini. Kiti kinapinduka kinyumenyume kikipanda na kuteleza kikishuka. Fundi aambiwe aburuze ufagio juu ya saruji kabla haijakauka, ibaki na michirizi. Mlango wa choo uwe wa sentimita 90 na ufungukie nje. Na dawati letu la benchi lililoungana na meza halipokei kiti mwendo hata kidogo, kwa hiyo darasa hilo linahitaji meza moja ya kusimama peke yake.

Wenzangu watasema: haya yote, na watoto 90? Uwiano tuliouweka wa watoto 45 kwa mwalimu mmoja bado ni ndoto kwa shule nyingi, na silibezi hilo. Lakini tazama tena niliyoyataja. Kusoma kwa sauti unachoandika, kugeuka ndipo useme, kuosha ubao, kuleta mche halisi: hakuna hata moja linaloongeza mtoto mmoja kwenye mzigo wako, na yote yanawafaa wote. Yanayohitaji mtu na muda ni nukta nundu, lugha ya alama, na usomaji wa mtoto mmoja mmoja. Hapo ombi langu ni kwa walimu wakuu: mwalimu wa elimu maalumu asifungiwe kitengoni siku tano. Apangiwe kwenye ratiba saa moja kwa wiki akae na walimu wa madarasa, wapitie maandalio ya wiki inayofuata pamoja, waamue nani anatengeneza nini. Saa hiyo isipoandikwa kwenye ratiba haitapatikana.

Watoto wenyewe wana nafasi yao, ila tunaitumia vibaya. Tunamteua mtoto mmoja mwema "amsaidie mwenzake", naye anakuwa mtumishi wa mwaka mzima: anasukuma kiti, ananakili kazi mbili, anabaki nyuma katika yake, na anayesaidiwa anajifunza kungoja. Zamu ibadilike kila wiki. Wajibu utajwe wazi, kwa mfano kumsomea mwenzake kilichoko ubaoni na kumwonyesha ukurasa, basi. Naye anayesaidiwa awe na zamu ya kusaidia wengine jambo analolimudu. Mtoto asiyeona mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuwasikilizisha kundi zima jedwali la kuzidisha.

Kwenye mitihani, mwongozo wa Baraza la Mitihani uko wazi: watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, pamoja na karatasi za nukta nundu au maandishi makubwa. Mtihani wa Hisabati wa saa mbili unakuwa na nyongeza ya dakika 40. Kosa ni kwamba watoto hawa wanaionja haki hiyo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa. Majaribio ya wiki, ya mwezi na ya muhula wamefanya kwa muda uleule wa wenzao, kwa hiyo hawajawahi kujifunza kuutumia muda wa ziada, na alama zao za miaka saba zimewaambia kwamba hawawezi. Nyongeza ianze darasa la tatu. Na kabla ya kutunga swali, jiulize linapima nini. Jaribio la Sayansi linapima Sayansi, kwa hiyo ajibu kwa mdomo na mwingine aandike. Imla inapima tahajia, kwa hiyo hapo aandike mwenyewe, ila maneno yawe machache.

Wathibiti ubora wa shule wakifika, wakishahesabu madawati na vyoo, ninawaomba wafungue andalio la somo la siku hiyo wautafute ule mstari wenye mambo matatu, kisha waende darasani waone kama umetekelezwa. Walimu huandaa kile kinachokaguliwa. Mstari huo ukikaguliwa mihula miwili mfululizo utakuwa mazoea.

Nina ombi moja kwako pia, Mhariri. Watoto wengi wenye uoni hafifu hawajulikani hadi darasa la nne au la tano, na kipimo cha kuwagundua kinaweza kuchorwa na mwalimu yeyote kwa rula. Ni herufi E tano nyeusi kwenye manila nyeupe, kila moja na kimo cha milimita 17.5 na upana huohuo. Kila jino la herufi lina unene wa milimita 3.5, na nafasi kati ya meno nayo ni milimita 3.5. Zigeuzwe, moja ielekeze meno juu, nyingine chini, nyingine kushoto, nyingine kulia, ya tano popote. Kadi itundikwe usawa wa macho ya mtoto, nje kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, na mita 6 zipimwe kwa futi ya kamba, si kwa hatua. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aonyeshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Akikosa mbili au zaidi kati ya tano kwa jicho lolote, apelekwe kupimwa. Darasa zima linamalizika kwa asubuhi moja ikiwa walimu wawili watashirikiana. Kama nafasi ipo, tafadhali ichape michoro hiyo kwa kipimo chake halisi kwenye ukurasa mmoja wa toleo la wiki ya kwanza ya Januari, na uandike chini yake kwamba kabla ya kuikata mwalimu aihakiki kwa rula, maana mashine za uchapaji na za kudurufu hupunguza ukubwa.

Mwalimu wa elimu maalumu,
Dodoma